Siku Mbili za Kuzuru Brussels

Mkazi wa Bujumbura, Bukavu au Kigoma hafungi mzigo Ijumaa jioni akaenda kutembea Ulaya na kurejea kazini Jumatatu. Starehe hiyo ni ya wenyeji wa huko huko, ambao huondoka London asubuhi wakafika Paris kabla ya chakula cha mchana, kwa treni ipitayo chini ya bahari. Hata hivyo, kila mwaka wapo wauguzi, waalimu na maofisa wa serikali wanaopelekwa Ulaya kwa mafunzo ya majuma machache, na katikati ya mafunzo hayo hujikuta wana Jumamosi na Jumapili mikononi, fedha kidogo mfukoni, na jiji mashuhuri lililo karibu. Siku hizo zisipopangwa hupotea. Mtu hurudi nyumbani, akaulizwa alichokiona, asiwe na la kutaja ila duka la vyakula na dirisha la chumba chake.

Mwezi wa Novemba 2024 hali hiyo ilimkuta mwuguzi mmoja wa Bujumbura, mama wa watoto watatu, aliyekuwa katika mafunzo ya majuma sita mjini Antwerp, kaskazini ya Ubelgiji. Katika muda huo wote alikuwa na mwisho wa juma mmoja tu ulio huru kabisa, tarehe 16 na 17 Novemba. Mingine ilimezwa na mitihani na ziara za hospitali.

Wenzake wa darasani walikwisha kuafikiana kwenda Paris. Kutoka Antwerp hadi Paris treni ya kasi huchukua kama saa mbili, na kwa mtu aliyekata tiketi miezi miwili kabla bei huwa ya kuvumilika. Tatizo ni kwamba bei ya treni hizo hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, na wenzake walianza kuulizia siku nne kabla. Mmoja alipendekeza London. Huyo alikuwa karibu kujitia matatani, na kosa lake linastahili kuelezwa, kwa kuwa wengi hulifanya.

Visa ya siku chache ambayo Ubelgiji hutoa ni ile ya nchi za Schengen, ambazo ni 29. Humruhusu mgeni kukaa katika nchi hizo zote siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90. Mwombaji hudaiwa pia bima ya safari yenye dhamana isiyopungua euro 30,000. Mwenye visa hiyo aweza kutoka Antwerp akaenda Paris, Amsterdam au Cologne bila kuomba ruhusa nyingine. Uingereza haimo, wala Ireland haimo; kila moja hutaka visa yake. Fauka ya hayo, visa nyingine huandikwa kwamba ni za kuingia mara moja tu. Mwenye visa kama hiyo akitoka nje ya eneo hilo, hata kwa usiku mmoja, mlango umemfungia nyuma yake, na masanduku yake yamebaki Antwerp. Yapasa kila msafiri aisome karatasi iliyobandikwa katika pasi yake kabla hajatazama ramani.

Bibi huyo alichagua Brussels. Ni karibu kilomita 50 kutoka Antwerp, na treni huchukua muda usiofika saa moja. Hiyo ndiyo sababu aliyowaeleza wenzake. Sababu ya pili aliijua yeye, bwana wake, na mama yake mzazi anayekaa Buyenzi. Mjini Brussels alikuwako mdogo wake wa mwisho, aliyeondoka nyumbani mwaka 2013 na hajaonekana tena. Fedha hutuma, si nyingi wala si kila mwezi. Sauti yake husikika katika simu, lakini simu ya kuonana nyuso hukatika kila mara kwa sababu moja au nyingine. Mama mtu, siku binti yake alipokuwa akifunga sanduku, alimwambia, "Mwanangu, mimi usiniletee chokoleti. Niletee habari za mtoto wangu ulizoziona kwa macho yako."

Tangu siku ya kwanza Antwerp bibi huyo alimpigia mdogo wake. Kijana aliitika kwa furaha, akauliza habari za kila mtu mpaka majirani. Lakini kila ilipotajwa siku ya kukutana, alikuwa na shughuli. Kazi yake ni kusafisha ofisi usiku, na asubuhi hulala. "Dada, juma hili limebana. Tungoje mwezi ujao," alisema, hali anajua fika kwamba mwezi ujao dada yake atakuwa amekwisha kurudi Bujumbura.

Basi mpango wa siku mbili ulianza kuandikwa katika karatasi ya daftari, na ukapigwa picha ukatumwa nyumbani ili bwana wake autazame. Bwana huyo ni karani wa hesabu ambaye hajapata kufika Ulaya. Jibu lake lilikuja usiku ule ule: "Mama Watoto, umeandika mambo kumi na manne kwa siku moja. Nimetazama jua la huko. Linachomoza saa mbili asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Huna hata saa tisa za mwanga."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Anayetoka nchi za Ikweta, ambako mchana na usiku hugawana sawa mwaka mzima, husahau kwamba Ulaya mchana wa Novemba ni mfupi na wa Juni ni mrefu kupita kiasi. Mpango uliotungwa kwa kutazama picha za kiangazi haufai kwa majira ya baridi. Mambo yote ya nje, yaani viwanja, bustani na masoko, yapasa kuwekwa kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Yaliyo ndani ya nyumba yaweza kungoja giza. Kadhalika ikumbukwe kwamba wakati wa baridi Brussels iko nyuma ya Bujumbura kwa saa moja, bali wakati wa kiangazi saa hulingana. Mama mtu alikuwa akipiga simu alfajiri kwa saa za Buyenzi na kumwamsha binti yake katika usiku mzito.

Jambo la kwanza kufutwa lilikuwa Atomium. Jengo hilo, lenye matufe tisa ya chuma yaliyounganishwa kwa mabomba na kimo cha mita 102, lilisimamishwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1958, nalo ni mfano wa chembe za chuma zilizokuzwa mara bilioni 165. Ni kitu cha ajabu, lakini kiko pembeni kabisa ya jiji upande wa kaskazini, na kiingilio chake ni ghali. Jambo la pili kufutwa lilikuwa hoteli. Chumba chake cha Antwerp kilikwisha kulipiwa, na nauli mbili za kwenda na kurudi hazikufika nusu ya bei ya chumba cha chini alichokiona Brussels. Kati ya posho yake alikuwa ametenga euro 150 kwa siku hizo mbili, na hata hizo zilimwuma, kwa maana muhula wa pili wa shule ulikuwa unakaribia. Kulala kitanda kingine huku chako kimelipiwa ni anasa ambayo mwenye watoto shuleni haiwezi.

Hapo pana neno la lugha ambalo vitabu vya wageni hulipita upesi. Warundi na Wakongo waliosoma kwa Kifaransa hudhani kwamba Ubelgiji yote huzungumza Kifaransa. Sivyo. Antwerp imo katika sehemu ya Kiholanzi, na ndani ya treni matangazo hutolewa kwa lugha ya sehemu inayopitwa. Jiji la Brussels lina lugha zote mbili, na kila mtaa una majina mawili juu ya kibao kimoja. Stesheni ambayo Mfaransa huiita Bruxelles-Midi, katika ubao wa Antwerp imeandikwa Brussel-Zuid. Mji wa Liège huandikwa Luik, na Mons huandikwa Bergen, na mtu asiyejua aweza kuiacha treni yake ikaondoka mbele ya macho yake huku akiitafuta kwa jina lisiloandikwa popote. Kwa hiyo katika daftari kila stesheni iandikwe kwa majina yote mawili. Na stesheni ya Antwerp yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1905 na inayofanana na kanisa kuu kuliko kituo cha treni, ina njia za reli katika ghorofa tatu, mbili zikiwa chini ya ardhi. Afikaye dakika tatu kabla ya treni kuondoka amekwisha kuikosa.

Bibi huyo alifika dakika ishirini kabla. Jumamosi hiyo alishuka Bruxelles-Central, stesheni iliyochorwa na Victor Horta na kufunguliwa mwaka 1952, akateremka kwa miguu hadi uwanja wa Grand-Place. Majengo ya huko mtu hutamani kuyaelezea, lakini picha zimekwisha kufanya kazi hiyo. Linalofaa kujulikana ni kwamba mwezi wa Agosti 1695 majeshi ya Ufaransa yaliupiga mji kwa mizinga, uwanja wote ukateketea isipokuwa kuta za jumba la mji na mnara wake wa mita 96, na vyama vya mafundi na wafanyabiashara, yaani waoka mikate, watengeneza pombe, maseremala na wengineo, wakazijenga upya nyumba zao kwa miaka michache tu. Kutazama uwanja huo ni bure. Bure pia ni kupita katika njia ya maduka iliyoezekwa kwa vioo, Galeries Saint-Hubert, iliyofunguliwa mwaka 1847. Humo ndimo duka la Neuhaus lilimoanzia mwaka 1857, kama duka la dawa, kabla mjukuu wa mwanzilishi hajabuni mwaka 1912 chokoleti yenye kitu laini ndani yake. Kutazama dirishani kunatosha. Chokoleti hiyo haipendi joto la Bujumbura, na bei zake si za mwenye watoto watatu.

Hatua chache kutoka hapo ndipo ilipo sanamu ya Manneken Pis. Ni mtoto wa shaba mwenye kimo cha sentimita 55 hivi, iliyofinyangwa mwaka 1619 na Jérôme Duquesnoy. Ile ya asili imehifadhiwa katika makumbusho ya mji, na iliyoko njiani ni nakala. Ina mavazi zaidi ya elfu moja yaliyotolewa zawadi na mataifa mbalimbali. Watu huvuka bahari kuja kumtazama mtoto akikojoa, jambo ambalo kila mama hulitazama nyumbani kwake pasipo nauli.

Chakula cha mchana alikuwa amekibeba: mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya maji aliyoyakinga bombani, maana maji ya bomba huko hunyweka. Alitenga tu senti za choo, ambacho katika stesheni na mikahawa mingi hulipiwa. Mgeni asiyekuwa na sarafu ndogo mfukoni ataijutia mipango yake mingine yote.

Alasiri alipanda hadi mtaa wa Matonge, karibu na Porte de Namur. Mtaa huo ulipata jina lake kutoka Matonge ya Kinshasa, baada ya wanafunzi wa Kikongo kuanza kukusanyika huko katika miaka ya 1960. Mwingilio wake una uwanja mdogo uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Humo huuzwa sombe, ndizi za kupika, samaki wakavu, vitenge na nywele za kusuka, na katika kila mlango wa saluni yuko mtu anayewaita wapita njia. Kwa mara ya kwanza katika majuma manne bibi huyo alisikia Kiswahili cha Bukavu kikigombana na Kilingala juu ya bei ya mihogo. Alinunua sahani ya wali na sombe, akala taratibu karibu na dirisha, akitazama kila kijana mrefu aliyepita. Giza liliingia. Saa kumi na mbili alikuwa ndani ya treni.

Usiku huo ndipo alipoubadili mpango wa Jumapili. Hata hapo alikuwa akimwuliza mdogo wake swali moja tu: nije kwako lini? Alitambua kwamba huenda swali lenyewe ndilo lililomfunga kijana. Chumba cha msafisha ofisi katika jiji ghali si kitu ambacho mtu hutaka dada yake mkubwa akione, kisha akaeleze nyumbani. Akamwandikia: "Sitakuja kwako. Kesho saa saba mchana nitakuwa Tervuren, pale tramu ya 44 inapoishia. Ukija tutazunguka pamoja. Usipokuja nitaenda makumbusho mwenyewe, na siku yangu haitaharibika." Jibu halikuja.

Ahadi ya namna hiyo ndiyo inayofaa kwa siku mbili za haraka. Wageni wengi hupoteza nusu ya siku wakimngoja ndugu chini ya saa ya stesheni, wakipiga simu isiyopokelewa, na baridi ikiwaingia miguuni. Mahali pa kukutania pawe mahali ambapo mtu angefika hata kama hangojei mtu.

Asubuhi ya Jumapili alipitia soko kubwa linalokaa kila juma kando ya stesheni ya Midi. Ni soko la mboga, zeituni, viungo, sufuria, nguo na viatu, na wauzaji wake wengi ni watu wa asili ya Moroko. Linapokaribia kufungwa, mchana, bei hushuka. Huko alinunua kofia mbili za sufu na soksi nzito, moja ya kofia ikiwa ya kiume. Halafu alikata tiketi ya siku nzima, akapanda metro hadi Montgomery na huko akaingia tramu ya 44.

Njia hiyo ni miongoni mwa safari nzuri kabisa zinazoweza kununuliwa kwa tiketi ya kawaida ya mji. Tramu huacha nyumba kubwa kubwa za barabara ya Tervuren, ikaingia msitu wa Soignes, na kwa dakika kadhaa huonekani ila miti mirefu na majani mekundu yaliyoanguka. Mwisho wa njia ni bustani na jumba lililochorwa na Mfaransa Charles Girault na kufunguliwa mwaka 1910, ambalo leo huitwa AfricaMuseum. Lilifungwa mwishoni mwa mwaka 2013 kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018. Sehemu kubwa ya vitu vyake ni vya Kongo, lakini Rwanda na Burundi zimo pia. Hufungwa siku za Jumatatu, jambo ambalo mpangaji wa safari asipolijua ataiona bustani tu.

Saa saba mchana kituo kilikuwa kitupu. Saa saba na robo vile vile. Bibi huyo alivaa kofia yake, akaanza kutembea kuelekea makumbusho. Nyuma yake mtu alimwita kwa jina la utotoni, ambalo halitumiki nje ya ua wa Buyenzi. Mdogo wake alikuwa amefika mapema, kwa tramu ya mbele, akawa amesimama upande wa pili wa barabara chini ya mti, na kwa robo saa nzima hakuthubutu kuvuka.

Waliyozungumza mwanzoni ni yao. Ndani ya makumbusho walitembea polepole, wakapita kile kichwa kikubwa cha mbao cha Aimé Mpane, hata wakafika mbele ya ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo zama za utawala wa Leopold. Msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, ameandika katika vioo vya madirisha yanayoukabili ukuta huo majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji, ili jua likiwaka vivuli vya majina hayo viangukie juu ya yale mengine. Jumapili hiyo hapakuwa na jua, na ukuta haukuwa na kivuli chochote.

"Makaburi yenyewe yako karibu," alisema kijana. "Mimi huja."

Walitoka, wakaenda kwa miguu hadi kanisa la Mtakatifu Yohane katikati ya mji mdogo wa Tervuren. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliwaleta Wakongo 267 kwa maonyesho, na wengi wao wakawekwa mchana kutwa katika vijiji vya kuigiza ndani ya bustani ili watazamwe. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa na mvua na baridi. Saba walikufa, nao wamelala kando ya ukuta wa kanisa: Ekia, Gemba, Kitoukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Kijana aliyasoma majina hayo kwa sauti, moja moja. Kisha akasema kwamba majira ya baridi ya kwanza aliyokaa Ubelgiji alikuwa mgonjwa majuma matatu bila kumwambia mtu wa nyumbani, na kwamba kazi ya kusafisha aliipata baada ya hapo, na kwamba shule aliyoijia aliiacha mwaka wa pili. Ada zake mama yake alikuwa ameuza kiwanja kuzilipa. Hilo ndilo lililokuwa likiikata simu miaka yote hiyo.

Dada yake alimpa kofia. Hakuuliza juu ya kiwanja.

Giza lilikuwa linaingia waliporudi katikati ya mji. Walinunua mfuko mmoja wa viazi vya kukaanga, ambavyo Wabelgiji huvipitisha katika mafuta mara mbili ili viwe laini ndani na vikavu nje, wakavila wamesimama chini ya kibaraza huku mvua ikinyesha. Hapo ndipo dada alipoinua simu na kumpiga picha kabla hajageuza uso. Treni yake iliondoka saa moja na nusu. Ndani ya treni alihesabu zilizobaki katika zile euro 150: zilikuwa 58, baada ya kofia, nauli, kiingilio cha watu wawili na mfuko wa viazi. Aliandika hesabu hiyo katika daftari kwa ajili ya bwana wake, kisha akaituma picha Buyenzi.

Kule ilikuwa yapata saa tatu usiku. Jibu la mama lilikuja kwa sauti, fupi, na nyuma yake zilisikika sauti za wajukuu wakigombea kuitazama simu.

"Amekonda. Mwambie anipigie kesho, na nimwone uso."